Mkono wa Brashi na Sindano ya Utosini

Nilipofika kijiweni siku ile nilikuwa nimeshasalimiana na watu wanane njiani. Nilimpa mkono mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nikamwinamia mama mkwe wa watu mpaka kidevu kikagusa kifua, na mbele ya duka la vioo nikasimama kulikagua tumbo langu, nikaona ah, bado tupo. Kumbe muda wote huo, katikati ya kipara changu, ilikuwa imesimama sindano. Nyembamba kama unywele, ndefu kama kidole gumba, wima kama mlingoti unaosubiri bendera.

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, kwenye kona ambapo barabara ya lami inakata tamaa na kuwa ya vumbi, kati ya kibanda cha fundi umeme na ukuta mrefu wa kiwanda cha magodoro. Mguu mmoja wa benchi ni tofali, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana, maana akicheka tunaanguka wote. Kahawa ni ya Mama Birika, mwenye maneno machache na jicho lisilokosa kitu. Siku hiyo alikuwepo Waya, fundi umeme, anayeamini kwamba hakuna jambo duniani lisilo na waya wa moto na waya wa baridi. Alikuwepo Katiba, karani mstaafu wa mahakama. Yeye alistaafu, ila mahakama haikustaafu ndani yake. Na nilikuwa nimeongozana na mdogo wangu wa tumbo moja, Brashi, mchora mabango. Mimi wananiita Pasipoti, kwa kuwa nilipika kwenye meli za mizigo miaka kumi na tisa, na kila kinachosemwa hapa mimi nilishakiona bandarini.

— Hamjambo wakubwa!

Wote walikuwa wanatazama juu ya macho yangu.

— Pasipoti, akasema Waya taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kuna nyoka. Una kitu utosini.

— Ni akili hiyo. Imeota.

— Basi imeota moja tu.

— Na inang'aa, akasema Katiba.

Nikapeleka mkono. Nikagusa. Nikapiga ukelele ambao mpaka leo wananiiga.

— Usiing'oe! Waya akaudaka mkono wangu. Bwana, waya wowote hauvutwi hivi hivi, kabla hujajua swichi kuu iko wapi!

— Isiguswe kabisa, akadakia Katiba. Hicho sasa ni kielelezo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo iko kichwani, Katiba, nikasema.

— Wahenga hawakutaja kila sehemu.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameshakaa mwisho wa benchi, upande usio na tofali, na mapajani ameweka kibao kidogo cha Mama Birika anachokiandika neno KAHAWA tangu Jumatatu.

— Wewe uliiona?

— Niliiona tangu mlangoni.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa unaongea.

Ikanibidi nieleze tunatoka wapi. Brashi ana ugonjwa unaoitwa skizofrenia. Hapa kijiweni si siri, na yeye mwenyewe hulitaja jina lake kama unavyotaja jina la mtaa unaokaa. Kuna nyakati husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, na nyakati hizo sauti zile kwake zina ukweli kuliko za kwetu. Mwaka wa tatu sasa anachomwa dawa kliniki, sindano moja ya nyama kila mwezi, na sauti zimerudi nyuma. Anasema zimebaki kama majirani wanaogombana nyumba ya tatu. Kilichokuwa kimebaki kumtesa ni usingizi. Miezi miwili iliyopita nesi wa kliniki akatuelekeza kwa mama mmoja aliyehudumu wodini miaka ishirini, kisha akaenda ng'ambo kusomea akupancha, ile tiba ya sindano nyembamba za kichwani, viganjani na miguuni. Sisi tunamwita Dokta. Siku ya kwanza kabisa alituambia: yangu ni ya kuongezea dawa, si ya kuiondoa. Na ana sharti lake. Kabla hujapanda kitanda unaonyesha kadi ya kliniki. Mhuri wa sindano ya mwisho haujapita mwezi, unachomwa. Umepita, unapewa glasi ya maji na kuaga.

Mimi kazi yangu ni kusindikiza. Lakini siku hiyo nilikuwa nimemsimulia Dokta jinsi nilivyoona tiba hiyo katika bandari tano, mpaka akachoka, akaniambia panda basi kitanda cha pili, mgongo wako huo unaoulalamikia tuutazame. Akanichoma. Nikalala usingizi wa mtoto. Akaja kuzitoa, mimi huku nasimulia bandari ya sita. Alipogeuka kuchukua pamba nyingine, nilishavaa viatu nikatoka nje na hadithi yangu. Nikajua nimemaliza. Kumbe sindano moja ilikuwa bado juu inatazama mandhari.

— Sasa hiyo sindano kwani hufanya nini? akauliza Mama Birika, akinipa kikombe kwa tahadhari, kama ningelipuka.

Waya alikuwa anasubiri swali hilo tangu azaliwe.

— Mama, kichwa ni nyumba. Nyumba ina nyaya. Nyaya zina umeme. Sasa nyumba ikikosa arthi, ule waya wa kuupeleka umeme ardhini, umeme unazurura. Ukigusa bomba, bomba linakutetemesha. Ukifungua redio, inakoroma. Zile sauti za Brashi ni mkoromo wa redio. Dokta anachokifanya ni kuweka arthi, basi!

— Arthi inaingia ardhini, nikamwambia. Mimi nilichomwa kitandani.

— Kitanda kina miguu.

Katiba akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue kesi imeitwa.

— Fundi amekosea sheria. Sauti zile ni wavamizi. Wameingia katika makazi ya mtu bila mkataba. Kila sindano ni hati ya kuwataka wahame. Ishirini na kitu kwa mara moja! Mvamizi gani atastahimili hati ishirini na kitu? Haba na haba hujaza kibaba.

— Na ile sindano ya kliniki? nikauliza.

— Ile ni kifungo. Inamfunga mvamizi na mwenye nyumba humo humo. Mwenye nyumba kosa lake nini?

— Hapo umesema, Katiba! akasema Waya. Ile ya kliniki ni kuzima swichi kuu. Mkoromo unakwisha, sawa, na taa nazo zinakwisha!

Wakagongeana vikombe. Watu hawa wawili hawajakubaliana jambo tangu tofali lile liwekwe chini ya benchi, na sasa walikuwa wanakubaliana, nami makubaliano yale sikuyapenda.

— Lakini subiri, Waya akanikazia macho utosini. Hawa walilala vitanda viwili, pazia katikati. Mmoja anachomwa zitoke, mwingine anachomwa kwa ajili ya mgongo. Sauti zikitoka huku zitakwenda wapi? Umeme hufuata njia iliyo wazi! Pasipoti, hebu tulia. Unasikia chochote? Hata taarifa ya habari?

— Namsikia mpumbavu mmoja, lakini yuko mbele yangu.

— Zimehamia! akasema Katiba. Zinahitaji barua ya uhamisho!

— Zikihamia kwa kaka zimekwisha, akasema Brashi bila kuinua macho kwenye kibao. Hazitapata nafasi ya kusema neno.

Tulicheka mpaka tofali likayumba. Na Brashi naye alicheka. Hicho ndicho ninachotaka mkijue kwanza: alicheka. Kabla ya sindano zile za Dokta, na kabla ya dawa ile ya mwezi, nilikaa mwaka mzima sijakisikia kicheko chake.

Ni Mama Birika aliyekizima.

— Brashi, baba, leo si tarehe yako ya kliniki?

— Ni leo.

— Saa sita na nusu hii. Si wanafunga saa nane?

— Wanafunga saa nane. Siendi.

Alisema kama mtu anayesema hataki sukari. Brashi yake ilikuwa inashuka kwenye mguu wa herufi H, na hapo sote tukautazama mkono wake, ingawa kila mmoja alijifanya anatazama kingine. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si sana. Lakini mchora mabango hahitaji kutetemeka sana. K ilikuwa nzuri, A nzuri, ila H ilisimama kama mlevi aliyeshikiliwa na askari wawili.

— Ni ile dawa, akasema. Imeanza kama miezi mitano sasa. Mstari nilioupiga nimefumba macho nikiwa na miaka ishirini, leo naushikia kwa mikono miwili.

— Lakini bango la kinyozi lilipendwa! nikasema. Watu wawili wameshakuja kuuliza mtindo ule wa mawimbi.

— Ndiyo, kaka. Wanapenda makosa yangu.

Akaendelea, huku akiifuta H kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

— Sindano za Dokta hazinitetemeshi. Nalala saa saba kwa usiku mmoja. Sauti ziko mbali. Sasa ile nyingine ya nini? Na kaka mwenyewe alisema.

Macho ya benchi zima yakanigeukia, mimi na mlingoti wangu.

Nilisema, kweli. Wiki moja nyuma, tukitoka kwa Dokta, nilikuwa na furaha nimemwona amelala, nikaropoka: ukiendelea hivi, mdogo wangu, hata ile ya kliniki mwezi huu unaweza ukairuka. Niliropoka kama ninavyoropoka mambo ya bandarini. Mimi nikiropoka, watu hugawanya kwa nne na kuchukua kinachobaki. Nilisahau kwamba kuna mtu mmoja duniani asiyenigawanya, naye ni yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

— Basi kaka amesema kweli! akasema Waya. Mkono ni mali ya fundi. Mimi mkono wangu ukitetemeka nakufa siku hiyo hiyo, nimeshika moto nikidhani ni baridi. Aiache!

— Naunga mkono hoja, akasema Katiba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni kaka yake. Mwezi mmoja tu. Kama majaribio.

— Mwezi mmoja, Waya akarudia.

Msiwahukumu. Mimi siwezi, na nitawaambia kwa nini.

Brashi aliwahi kuiacha dawa. Si hii, ni ile ya vidonge ya mwanzo kabisa. Mimi nilikuwa baharini nakaanga mayai ya mabaharia arobaini na kutuma kadi zenye picha za minara. Herufi za mabango yake mwenyewe zilianza kumsema. Akatoka mchana kweupe na kisu cha rangi, akawa anakwangua mabango ya mtaa mzima, moja baada ya jingine, jasho na machozi pamoja. Aliyepanda ngazi kumshusha kwenye bango la duka la dawa ni Waya huyu. Hakumvuta, alikaa juu naye, miguu inaning'inia, akimweleza habari za fyuzi mpaka akakubali kushuka. Alipojifungia chumbani siku kumi na moja, aliyekaa nje ya mlango na kumsomea gazeti kwa sauti ya mahakamani, mpaka matangazo ya zabuni, ni Katiba. Siku ya kumi na moja Brashi alifungua mlango ili kumwomba anyamaze. Na uji uliopitishwa dirishani kila asubuhi ulikuwa wa Mama Birika. Mimi nilirudi kila kitu kimeshapita, na mizigo ya zawadi, nikapokelewa kama shujaa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Watu waliomtoa shimoni ndio hao hao, kwa mapenzi yale yale, waliokuwa wanamsogeza ukingoni, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia kuuona ule mkono. Na mimi, niliyeanzisha, nilikuwa napima maneno. Nilijua kwamba nikikosea tena sentensi moja, mdogo wangu atarudi juu ya ngazi ile.

— Brashi, nikaanza, ile niliyosema...

— Yuko wapi?

Tukageuka wote. Dokta alikuwa anakuja kwa hatua za wodini, koti jeupe, mkononi kisahani cha bati.

— Nilichoma ishirini na nne, akasema, macho yake yakiwa utosini pangu. Nimehesabu ishirini na tatu. Nimehesabu mara tatu, nimetazama chini ya kitanda, nimekung'uta shuka. Nikauliza barabarani kama wamemwona mzee anayeongea. Wote wameonyesha huku.

— Dokta, shikamoo, nikasema, najaribu kusimama.

— Marahaba. Kaa. Hujaniaga, na umeondoka na mali yangu.

Akanyoosha mkono, nikapiga ukelele.

— Sijakugusa bado, baba.

Alipogusa sikuhisi kitu. Sindano ikalia *ting!* kwenye kisahani, pamba ikabonyezwa, na Waya akavuta pumzi kama aliyeona umeme unarudi.

Mama Birika alimpisha kwenye kigoda chake, akampa kahawa. Dokta akaipokea kwa mikono miwili. Akamtazama Brashi.

— Umelalaje jana?

— Saa saba mfululizo, Dokta.

— Vizuri.

— Dokta, akasema Katiba akikaza kola, benchi hili lina jambo moja. Tunataka uthibitishe tu, kwa ufupi, ndiyo au hapana. Sindano zako zinamtosha, sivyo?

— Zinamtosha kwa nini?

— Kwa ugonjwa wake.

— Hapana.

Katiba akaiachia kola. Alitaka ndiyo au hapana. Ila hakuwa amejiandaa kwa mojawapo.

— Zangu zinamsaidia kulala, Dokta akaendelea, bila haraka. Akilala anatulia, akitulia anakula, akila anafanya kazi. Mimi hilo naliona na nalifurahia. Kama zinafanya zaidi ya hapo, sijui. Waliochunguza wengine wanaona zinasaidia kidogo zikiongezwa juu ya dawa, wengine wanasema ushahidi bado haba. Siwezi kuwaambia nisichokijua. Ninachokijua nimekiona wodini miaka ishirini: mzigo umebebwa na dawa. Mimi nashika ncha ya kamba. Sasa nani anataka kumwondoa mbebaji?

Waya aligundua kwamba kikombe chake kina mchoro chini.

— Mimi, akasema Brashi.

— Kwa nini?

Brashi akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole wazi, juu ya kibao. Dokta akaweka kikombe chini, akaushika, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini, akauachia, akautazama ukirudi.

— Tangu lini?

— Miezi mitano.

— Na daktari wa kliniki amesemaje?

Ni swali dogo, jamani. Lina maneno manne, matano. Lakini nasema kweli, nimepita katika forodha za nchi kumi na nane, nimeulizwa nimebeba nini na nakwenda wapi, sijawahi kuulizwa swali likaninyima jibu namna ile.

Waya akamtazama Katiba. Katiba akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Brashi.

— Nilidhani umemwambia, nikasema.

— Nilidhani umemwambia wewe, akasema. Wewe ndiye unayeongea.

— Mimi nakaa nje, kwenye foleni! Nawasimulia watu!

— Kinyozi anajua, akasema Mama Birika, kana kwamba anahesabu vikombe. Mwenye duka la dawa anajua. Fundi anajua, karani anajua, mimi najua. Yule wa magodoro juzi kaniuliza. Mtaa mzima unajua.

— Isipokuwa daktari, akasema Dokta.

— Isipokuwa daktari.

— Kwani huwa hawakuulizi hali?

— Huniuliza kila mwezi, akasema Brashi. Nikiingia tu nesi ananiambia, habari za tangu siku ile? Namjibu nzuri.

— Nzuri?

— Sasa mtu akikuuliza habari, Dokta, utamjibu mbaya? Mtu mzima? Hamjaketi hata? Namjibu nzuri, namuuliza za kwake, ananiambia nzuri, ananichoma, namshukuru, natoka.

— Na daktari?

— Daktari huuliza unaendeleaje. Namwambia salama, sijui wewe.

Nikatamani kucheka, nikashindwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea hivyo. Mama yetu alikuwa anatupiga kofi la mgongo tukijibu salamu vibaya. Hata siku ya msiba ulisema nzuri kwanza, halafu ndipo ukasema nani amefariki. Miezi mitano mdogo wangu alikuwa anaupeleka mkono ule mbele ya mtu pekee anayeweza kuusaidia, na kuuficha nyuma ya adabu.

— Sikilizeni, akasema Dokta. Kutetemeka huko wanakujua. Wanaweza kupunguza dawa, wanaweza kubadilisha, kuna na vidonge vya kusaidia. Si lazima kufaulu mara moja. Lakini watamtibu nani, kama kila mwezi mgonjwa anakuja mzima? Na kuacha ghafla si majaribio, baba, akamwambia Katiba. Wewe ulikaa mlangoni siku kumi na moja, nimeambiwa. Unataka kukaa tena?

Katiba akavua miwani, akaifuta kwa shati. Aliifuta muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

— Naiondoa hoja, akasema.

— Hata mimi, akasema Waya. Mimi nilisema arthi tu. Sikusema kukata nyaya.

— Ulisema aiache, akasema Mama Birika.

— Nilisema kwa hasira ya ule mkono, mama!

Nikaona ni zamu yangu. Sikusimama, nilimsogelea Brashi pale mwisho wa benchi.

— Mdogo wangu, ile niliyokuambia wiki iliyopita, nilikosea. Niliropoka kwa furaha. Usinifuate katika hilo.

— Wewe ulikuwa na furaha?

— Sana. Ulikuwa umelala.

Akaniangalia, halafu akatazama kibao chake, na herufi mbili nzima na ya tatu aliyoifuta. Akaichukua brashi, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaanza kuisafisha vizuri, mpaka shinani, kama mtu anayefunga kazi kwa muda.

— Tufanye mazoezi, akasema Waya, ambaye kimya humwasha. Mimi nesi. Ingia. Habari za tangu siku ile?

— Nzuri, akasema Brashi.

— Aaaah! likasema benchi zima.

— Imetoka yenyewe!

— Tena. Habari za tangu siku ile?

— Nzu... Mkono.

— Mkono umefanyaje?

— Mkono haujambo, sijui wako.

Tofali liliteleza, tukashuka wote upande mmoja, kahawa ya Katiba ikaingia mfukoni mwake. Dokta alicheka mpaka akashika kisahani kisimwage sindano. Mara ya tano, Brashi aliweka mkono mbele, juu ya meza ambayo haikuwepo, na kusema kabla hata Waya hajafungua mdomo: mkono huu unatetemeka miezi mitano sasa, siwezi kuandika, nataka daktari auone.

— Hata salamu hujanipa! akasema Waya.

— Salamu baadaye, akasema Dokta.

Mama Birika akamimina masalia ya birika kwenye kikombe kimoja, akampa Brashi, sisi wengine akatuangalia tu. Na pale, nikiwa nimelowa kahawa ya karani, na pamba imenata kwenye kipara changu, niliwatazama watu hawa. Nimekula kwenye meza za manahodha. Nimeona minara yote niliyoituma kwa kadi. Lakini sijaona mahali ambapo mtu mmoja hukaa juu ya ngazi na ndugu yako kumweleza habari za fyuzi. Sikuwahi kuwashukuru. Kila nikitaka, nilikuwa natoa hadithi ya bandarini badala yake.

Nikapanda juu ya benchi.

— Ndugu zangu, nikasema, nina neno. Miaka mitatu nimekuwa na deni ambalo haliandikiki. Waya, siku ile ya bango la duka la dawa, mimi nilikuwa maji ya mbali. Katiba, yale magazeti. Mama, ule uji, kila asubuhi, dirishani. Na Dokta, kwa usingizi huu, na kwa kusema hapana pale tulipotaka ndiyo. Na yule nesi wa kliniki aliyetuelekeza kwako, ambaye hata jina lake sijawahi kuuliza, kwa kuwa nilikuwa nje nasimulia. Nataka kuanza na Waya. Nilipokuwa mtoto, marehemu mama yetu alikuwa akisema kwamba...

Brashi alikuwa ameshasimama. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa unaitetemesha, naye hakuuficha.

— Kaka, akasema, shukuru huku unatembea. Kliniki inafungwa saa nane.